Jina la ukoo? Wakamba hatuna!

Wadau, leo nina hasira. Juzi mfumo fulani wa mtandaoni ulimnyima basari binamu yangu wa Kitui, tumwite Mwende Kioko. Kosa? "Jina la ukoo halilingani na la mzazi." Babake ni Kioko Wambua.

Wewe uliyeandika programu hiyo, nisikilize. Kwetu Kitui na Makueni mtoto hupewa jina lake, kisha hufuata la babake. Kwa hiyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Wambua ni wa wakati wa mvua, Kioko wa asubuhi, Mutuku wa usiku, Mwende ni mpendwa. Mjukuu naye hupewa jina la babu, ndiyo maana utampata Wambua aliyezaliwa kiangazi! Ukoo tunao, tunauita mbaĩ: Aombe, Atangwa na wengine. Lakini hauandikwi kwenye kitambulisho.

Tena mnakubali A hadi Z pekee. Herufi ĩ na ũ zimo kwenye Unicode tangu miaka ya 1990, na kwa UTF-8 kila moja ni baiti 2 tu. Shida iko wapi?

Mtasema mnazuia matapeli. Sawa, basi linganisheni namba ya cheti cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha mzazi. Jina si ufunguo wa hifadhidata.

Wekeni sehemu moja tu: "Jina kamili". Binamu yangu yuko nyumbani, wenzake wako darasani, kwa sababu ya mstari mmoja wa programu. Urekebisheni!