Jino la Kuzibwa Lising'olewe

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea karibu saa nzima kuhusu meno, na bado meseji zinaingia. Wengi mmeuliza kitu kimoja: hivi huyu mwenye ulemavu, hasa asiyeongea, anatibiwa wapi hapa Durban? Hewani nilikatishwa (na ni haki, nilikuwa nimeshaongea sana), kwa hiyo acha nimalizie hapa.

Ninachosema ni kwamba mtu asiyeweza kukuonyesha panapouma, au asiyeweza kutulia kwenye kiti cha daktari, mara nyingi tiba anayoishia kupata ni koleo. Anang'olewa hata jino ambalo wewe na mimi tungezibwa tukarudi kazini mchana.

Ukipita Musgrave Road, hapahapa Berea, vibao vya madaktari wa meno unaviona. Lakini madaktari wengi wa meno nchini wako sekta binafsi, na wenye bima ya afya ni kama watu 16 tu katika kila 100. Kwa anayeishi kwa ruzuku ya ulemavu ya SASSA, ambayo mwaka 2025 ilikuwa zaidi kidogo ya randi 2,300 kwa mwezi, kibao kile ni pambo la barabara. Na kwetu sisi tuliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, kuna wengine hata hiyo ruzuku hawaigusi: aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi anaweza kuiomba, ila aliye bado na karatasi ya kuomba hifadhi, hapana. Na ninyi mnajua karatasi hiyo watu wanakaa nayo miaka mingapi.

Inabaki serikali. Hospitali ya mafunzo ya meno iko King Dinuzulu, upande wa Sydenham. Wazee bado wanaiita King George. Kutoka Berea si mbali, ukiwa na miguu yako miwili. Ukiwa na mtu kwenye kiti cha magurudumu, hebu jaribu kusimamisha teksi saa kumi na mbili asubuhi uone nani atakusubiri ukunje kiti.

Mdogo wangu ana miaka 27. Ana mtindio wa ubongo na haongei. Jino likimuuma anaacha kula, usiku anajipiga shavuni. Mimi ndiye mkalimani wa nyumbani tangu nikiwa shule ya msingi, kutoka Kiswahili cha mama kwenda Kizulu cha nesi, lakini maumivu yake yeye hata mama anayabahatisha tu. Kwenye kliniki moja walituambia hawawezi kumgusa bila dawa ya usingizi. Tukaandikwa kwenye foleni ya chumba cha upasuaji. Miezi minane. Siku ilipofika waling'oa magego manne. Daktari, mtu mpole kabisa, alitueleza kwamba mawili yangezibika, ila hakujua kijana angepata zamu nyingine lini, na hakutaka arudi na maumivu yaleyale.

Hesabu yake naielewa. Ndiyo maana nakasirika: kilichoamua habari ya magego yale mawili ni kalenda ya chumba cha upasuaji.

Na kuoza kwenyewe kuna sababu zake, jamani, si uzembe wa mama zetu. Dawa nyingi za maji zina sukari, na mtu anazinywa kila siku miaka nenda rudi. Phenytoin, dawa ya kifafa, inaweza kuvimbisha fizi mpaka zikafunika meno. Mkono uliokakamaa haushiki mswaki, na anayemuuguza nyumbani hajawahi kufundishwa namna ya kumpiga mtu mzima mswaki bila kumpalia. Kwa wanaopaliwa mara kwa mara, uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni unaweza kuleta nimonia. Hapo hatuongelei tena tabasamu zuri.

Sasa, kuna kitu ambacho Waswahili tungepaswa kukijua kuliko wote. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha meno Dar es Salaam, alianza kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono tu. Unakwangua sehemu iliyooza, unaziba kwa saruji inayoshika kwenye jino na kutoa floridi. Hakuna umeme, hakuna mashine inayopiga kelele, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya fedha na floridi ambayo inapakwa tu kwa brashi ndogo na kusimamisha kuoza. (Hii ya pili inaacha doa jeusi kwenye jino, familia iambiwe mapema.)

Yaani kazi hiyo inaweza kufanyika sebuleni, mgonjwa akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, na mama kamshika mkono. Haitafaa kwa kila mtu. Wapo watakaohitaji usingizi tu. Lakini kila anayetibiwa mapema nyumbani anapunguza foleni ile ya miezi minane.

Nani aifanye? Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, pale Westville, kinafundisha matabibu wa meno na wataalamu wa usafi wa kinywa. Tabibu wa meno anaruhusiwa kusafisha, kuziba na kung'oa. Jimbo letu halina hata chuo kimoja cha madaktari wa meno. Vyote vinne viko majimbo mengine. Kwa hiyo hawa wa Westville ndio tulio nao, halafu nafasi zao serikalini ni chache. Tunawasomesha, kisha tunawaacha watafute mlango. Na asiniambie mtu kwamba kliniki ya meno haihamishiki: treni ya Phelophepa inaipeleka vijijini kwa reli tangu 1994. Gari moja dogo la kuzunguka Durban litashindikanaje?

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaja mkimbizi waziwazi. Bado mwaka 2025 watu walisimama kwenye lango la Addington wakidai vitambulisho. Mama anayemsukuma mtoto kwenye kiti cha magurudumu hapiti katikati ya kundi kama lile kwa ajili ya jino. Anarudi nyumbani, anampa panado.

Tunaandika barua kwa idara ya afya ya jimbo tukiomba mambo mawili: nafasi za kazi za matabibu wa meno watakaokwenda majumbani na kwenye shule maalumu, na siku maalumu kila mwezi ya chumba cha upasuaji kwa watu wenye ulemavu, kuziba kukiwa mbele ya kung'oa. Kama unamuuguza mtu nyumbani, tutumie ujumbe wa sauti kabla ya mwisho wa mwezi: mlisubiri muda gani, na alizibwa mangapi, aling'olewa mangapi. Majina hatutayatumia.