Milima Haikutani: Wito kwa Vijana wa Umoja

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Aghalabu methali hii hutajwa wakati watu waliopoteana kwa muda mrefu wanapoonana tena. Katika mtaa wa Umoja, mashariki mwa jiji la Nairobi, yafaa ifasiriwe upya, kwa kuwa huko wamo binadamu wanaoishi mlango kwa mlango wasikutane kamwe. Makala haya yanashikilia kwamba kundi la wakwea milima, likiasisiwa mtaani na kwa gharama nafuu, laweza kuwakutanisha.

Umoja ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa serikali ya Marekani. Nyumba zake za awali zilikuwa za chini. Baadaye wenyeji wengi waliongeza vyumba, kisha ghorofa. Kijana anayepanga chumba humo baada ya masomo huwajua upesi mama mboga, mwenye duka na mlinzi wa lango. Jirani wa ghorofa ya juu humtambua kwa viatu vilivyoachwa mlangoni tu. Marafiki anaowapata hutoka kazini, kanisani au msikitini, au miongoni mwa watu wa kwao mashambani.

Mazoea haya si mapya. Klabu ya kandanda ya AFC Leopards ilianzishwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya, nayo Gor Mahia iliundwa mwaka wa 1968 na kupata mashabiki wake wengi miongoni mwa Waluo. Si haki kuyabeza makundi kama hayo, maana yaliwapa wageni wa mjini hifadhi na wa kuwafaa katika dhiki. Hata hivyo, hayakumlazimu mtu kumjua asiyefanana naye. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalidhihirisha jinsi ujirani usio na ujuano ulivyo dhaifu.

Je, mlima una nini cha ziada? Kwanza, njia nyembamba huwapanga watu kwa pumzi zao, wala si kwa koo zao. Anayechoka mapema hujikuta kando ya mchovu mwenzake, nao huzungumza. Pili, wanaotembea hawatazamani ana kwa ana, hivyo hata mwenye haya hupata la kusema. Tatu, anayempa mwenzake maji kwenye mteremko wa Longonot haulizi kwanza jina lake la pili, jina ambalo jijini humu hutumiwa kubaini kabila.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Wakazi wengi wa Eastlands hutembea kila alfajiri hadi Eneo la Viwanda kwa kukosa nauli. Kwao kutembea ni dalili ya ufukara, na kulipia matembezi ni anasa ya wenye magari. Isitoshe, Longonot na Kilimambogo ni mbuga za taifa zenye ada ya kiingilio, na safari nyingi zinazotangazwa huanzia katikati ya jiji kabla ya mapambazuko.

Hoja hiyo haibatilishi wazo lenyewe. Yaonyesha tu kwamba kundi linapaswa kuanzia Umoja. Wanachama wakutane karibu na soko la Mutindwa, waanze kwa matembezi ya Jumamosi yasiyo na ada, kisha wachange kidogo kidogo kama vyama vya akiba vifanyavyo. Mlima wa kwanza uwe Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, ulioko upande wa Thika. Longonot wenye mita 2,776 usubiri. Kanuni kuu iwe kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma, kwani mwenda pole hajikwai. Asiachwe mtu njiani, hasa mwanamke au mgeni wa siku ya kwanza.

Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa pekee hapa. Vijana husema wanakwenda "haiki" ilhali lugha ina kukwea, kuparaga na kupanda, ina bonde, genge na kilele. Jina Kilimambogo lenyewe ni somo la mofolojia: ni kilima cha mbogo. Muhimu zaidi, Kiswahili ndicho ambacho watu wa Umoja, watokao pembe zote za nchi, wanaweza kukizungumza njiani bila yeyote kuachwa nje ya mazungumzo.

Wanafunzi wanaoishi Umoja, Donholm na Kayole wasingoje kualikwa. Wabishe milango ya majirani wiki hii, na wapange Jumamosi ya kwanza.