Bendera Isiwe Kinga ya Silaha

Meli iwapo katika bahari kuu huwa chini ya mamlaka ya nchi ambayo bendera yake inapepea mlingotini. Ndivyo sheria za mataifa zisemavyo. Sisi wa visiwani, ambao kazi ya kusajili meli za kigeni kwa jina la Tanzania imekabidhiwa kwetu, hatuna budi kulitafakari jambo hili kwa makini.

Mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kupeleka silaha Libya. Mwaka 2016, kwa Azimio nambari 2292, liliruhusu manowari zikague meli zinazoshukiwa mbele ya pwani ya nchi hiyo, baada ya kufanya juhudi ya kupata ridhaa ya nchi yenye bendera. Machi 31, 2020 Umoja wa Ulaya ukaanzisha kikosi kiitwacho Irini kwa kazi hiyo.

Nguvu ya bendera ilidhihirika Novemba 2020. Askari wa Ujerumani walikuwa wamekwisha panda meli ya Uturuki, Roseline A, lakini Uturuki ilipokataa, wakalazimika kuusimamisha ukaguzi na kuteremka.

Bendera ya Tanzania nayo imetajwa. Januari 2018 Ugiriki iliikamata karibu na kisiwa cha Krete meli Andromeda, iliyopeperusha bendera yetu, ikiwa na shehena ya vitu vya kutengenezea milipuko. Mwezi huo huo Rais John Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usimamishwe na zilizokwisha sajiliwa zichunguzwe. Hata hivyo, Juni 10, 2020 meli Cirkin, ikipeperusha bendera hiyo hiyo na kusindikizwa na manowari za Uturuki, ilielekea Libya bila kukaguliwa. Uturuki ilisema imebeba vifaa vya matibabu. Septemba mwaka huo Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo kampuni iliyokuwa ikiiendesha.

Wako wasemao kuwa vikosi hivi vina upendeleo, kwani silaha nyingine huingia Libya kwa ndege na kwa njia ya nchi kavu, ambako manowari hazifiki. Hoja hiyo ina uzito, na wakubwa wa dunia wanapaswa kuijibu. Lakini haitupi sisi ruhusa ya kumkabidhi bendera mtu tusiyemjua.

Samaki mmoja akioza, wote huoza. Meli moja ikibeba haramu, nahodha mwaminifu mwenye bendera hiyo hiyo hucheleweshwa na kushukiwa katika kila bandari.

Kwa hiyo tunawahimiza wakuu wanaohusika: mwenye meli ajulikane hasa kabla ya kusajiliwa, awepo ofisa wa kujibu, usiku na mchana, manowari inapoomba ridhaa, na kila meli inayofutwa itangazwe hadharani. Ada ya usajili hutumika ikaisha, bali jina la nchi likichafuka, watakaolisafisha ni wajukuu wetu.