Mfungwa anahamishwa, dawa inabaki Luzira



Ndugu zetu katika imani, kuna neno tumechoka kulisikia. Kila likitajwa gereza la Luzira, hakosi mtu wa kusema, "Waache wakae humo, wameyataka wenyewe." Linasemwa madukani, linasemwa ndani ya teksi, na tuseme kweli, linasemwa hata kwenye baraza za misikiti yetu. Leo tunalijibu, kwa sababu ni neno la dhulma, na tena ni neno la ujinga. Dhulma yake inawaumiza walio ndani, na ujinga wake unatuumiza sisi tulio nje.

Tuanze na dhulma. Mwaka 2023 magereza ya Uganda yalikuwa na watu zaidi ya 70,000, ilhali nafasi zilizojengwa ni za watu wapatao 20,000. Karibu nusu yao walikuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Hao wameyataka nini? Katiba yetu ya mwaka 1995 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, lakini akishafikishwa anarudishwa rumande na kusubiri, na kusubiri tena. Nani kati yetu amesahau kesi ya milipuko ya Kampala ya Julai 2010? Hukumu ilitoka Mei 2016, karibu miaka sita baadaye, na washitakiwa watano hawakupatikana na hatia. Walikuwa wapi miaka yote hiyo? Walikuwa Luzira.

Sasa tuje kwenye ujinga. Kifua kikuu hakiulizi nani ana hatia na nani hana. Ni ugonjwa wa hewa. Mgonjwa akikohoa kwenye chumba kilichojaa watu, dirisha dogo, usiku kucha, jirani yake anavuta vijidudu pamoja na pumzi. Gereza lililojaa mara tatu ya kiasi chake ndiyo nyumba ambayo ugonjwa huu ungejichagulia wenyewe. Na watu hawakai humo milele. Mahabusu anatoka kwa dhamana, mfungwa anamaliza kifungo, askari magereza anarudi kwa mkewe na watoto wake kila akimaliza zamu. Ukuta wa Luzira unazuia watu, hauzuii kikohozi.

Lakini jambo linalotuudhi zaidi ni huku kuhamisha watu. Dawa ya kifua kikuu ipo na inaponya. Dozi ya kawaida ni ya miezi sita, dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha mbili kwa miezi iliyobaki. Sharti lake ni moja, usikatize. Ukikatiza katikati, vijidudu vilivyobaki vinaweza kujifunza kuishinda dawa, na hapo unazaliwa ugonjwa sugu, ambao tiba yake ni ngumu na ya gharama kubwa. Mgonjwa huyo akiambukiza mtu, anamwambukiza ule ule sugu.

Luzira kuna hospitali ya magereza ya Murchison Bay, ambako wafungwa wagonjwa hupelekwa kutoka sehemu nyingi za nchi. Vizuri. Lakini ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Julai 2011 ilieleza jinsi wafungwa waliokuwa katikati ya dozi walivyotolewa hapo na kupelekwa magereza ya mbali yasiyokuwa na tiba hiyo. Fikirini, ndugu zetu. Mtu ameanza kupona. Asubuhi anaitwa jina, anapandishwa karandinga, jioni yuko gereza la shamba akisubiri jembe. Faili lake liko Luzira, dawa zake ziko Luzira, na kikohozi chake amekwenda nacho. Tunakubali kwamba tangu wakati huo upimaji umeongezwa, na wauguzi wa magereza wanajitahidi katika hali ngumu. Allah awalipe. Lakini maadamu msongamano upo, kuhamishwa kutakuwepo.

Wakubwa wa magereza watatuambia kwamba bila kuhamisha watu Luzira itapasuka. Hatupingi kuhamisha, tunapinga kuhamisha mgonjwa kama gunia la mahindi. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe penye ngamia wazima. Ikiwa ngamia wana hadhi hiyo, mwanadamu je?

Na asituambie mtu kwamba haiwezekani. Mwaka 1988 Nelson Mandela aliugua kifua kikuu akiwa gereza la Pollsmoor, Cape Town. Serikali ya makaburu, pamoja na udhalimu wake wote, ilimtibu hospitalini hadi alipopata nafuu, ndipo Desemba mwaka huo ikamhamishia gereza la Victor Verster. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zilizopewa jina lake, zinataka matibabu ya mfungwa yasikatike, na kifua kikuu kimetajwa humo waziwazi. Lililowezekana kwa makaburu linatushindaje sisi?

Basi tunadai mambo matatu:

1. Asihamishwe mfungwa yeyote kabla hajapimwa kifua kikuu.

2. Aliye katika dozi amalize alipo. Ikibidi ahamishwe, aende na dawa zake na barua yake, na gereza linalompokea liwe limeshajulishwa.

3. Anayeachiliwa atoke na barua ya kituo cha afya kilicho karibu na kwao. Na mahabusu aliyetimiza siku anazotaja Katiba apewe dhamana yake, maana dawa ya kwanza ya msongamano ni haki.

Na sisi familia tuna wajibu. Ukienda kumtembelea ndugu yako, usiishie kumpelekea sukari na sabuni. Muulize kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, kama anatoka jasho usiku, kama amekonda, na kama yuko kwenye dawa, amebakiza miezi mingapi. Akirudi nyumbani, usimfiche chumbani kwa kuogopa majirani. Mpeleke kituo cha afya, na watoto wa nyumba hiyo wapimwe pia. Nanyi wanafunzi mnaosoma sheria na udaktari, hii ni kazi yenu. Andikeni, ulizeni, wasumbueni wabunge.

Qur'ani inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Mfungwa ametajwa pale pamoja na yatima, na haikuulizwa kwanza amefanya kosa gani. Basi lile neno la "wameyataka wenyewe" tuliache. Anayelisema leo ajue kwamba kikohozi hicho kinaweza kubisha hodi mlangoni kwake kesho.

Wabillahi tawfiq.