Nainokanoka na Daftari la Vijiji

Mtu wa mjini asomaye jina la Nainokanoka huenda akalipita kama alipitavyo jina la kituo cha basi. Twamwomba asimame kidogo. Kata hiyo iko nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na kreta ya Olmoti utokako mto Munge, na ndani yake mna vijiji vya Nainokanoka, Irkeepusi na Bulati.

Katika nchi yetu kijiji hakizaliwi kwa nyumba kukaribiana tu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yataka Msajili wa Vijiji aridhike kwamba kaya zimekaa na mipaka yajulikana. Ndipo kijiji kipewe cheti, na halmashauri yake iwe na muhuri, iweze kushtaki na kushtakiwa. Jina liandikwalo katika cheti hicho ndilo mlango wa mengine yote: mkutano mkuu, mwenyekiti, kura.

Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024 liliufunga mlango huo. Kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro vilifutwa, Nainokanoka ikiwamo, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mwezi Novemba! Tarehe 18 Agosti wananchi walijaa barabarani, wakilalamika kwamba hawakuulizwa. Tarehe 22 Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha tangazo. Kesho yake Waziri William Lukuvi alifika kutangaza kwamba Rais ameagiza vijiji virudishwe.

Wako wasemao kwamba hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1959, imeelemewa na watu na mifugo. Hilo ni neno zito, wala hatulidharau. Lakini kufuta jina la kijiji hakupunguzi hata ng'ombe mmoja malishoni. Hupunguza mahali pa kuwauliza wenye ng'ombe. Mfanyakazi alijua jambo hili vizuri: jina lake likikatwa katika daftari la mishahara, yeye bado yupo kiwandani na njaa yake anayo, ila dirisha la kudai haki yake limefungwa.

Siku 21 zilitosha kufuta na kuagiza kurudisha. Haraka ya namna hiyo yatutia mashaka. Kwa hiyo twataka sheria iseme wazi kwamba tangazo la kufuta kijiji lisipate nguvu kabla mkutano mkuu wa kijiji hicho haujakaa, na muhtasari wake haujafika Dodoma ukasomwa.