Meli Ikiondoka, Nani Atarudi Diani?

Wadau wa Ukunda, Diani na Msambweni, hebu tuambiane ukweli. Meli kubwa ya watalii ikitia nanga Mombasa, sote tunashangilia. Lakini wale wageni wanashuka asubuhi, jioni washarudi melini. Mimi sijali sana wameshuka wangapi. Nataka kujua wangapi watarudi kwetu walale wiki mbili.

Kampuni za meli hilo zinalijua. Royal Caribbean na Cunard zinaweka hesabu ya safari zako, na kadiri unavyorudi ndivyo unavyopandishwa daraja. Sidhani tajiri anarudi kwa sababu ya zawadi ndogondogo. Anarudi kwa sababu anajulikana: weita anakumbuka chai yake, na bei aliyoambiwa ndiyo anayolipa.

Sasa njoo bichi. Wageni wawili wamepanda boti moja ya Kisite na Wasini, kila mtu kauziwa bei yake. Wakiulizana tu, tumekwisha! Na kabla hawajakanyaga maji, watu watano wanawafuata na vikoi. Njaa naijua, sisemi watu wasiuze. Lakini mgeni aliyesumbuliwa leo, mwakani anaenda Zanzibar.

Pale Gazi, kina mama wanatembeza wageni juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, wanawaeleza mambo kwa utulivu. Hilo linakumbukwa.

Makapteni na mabichi boi, tuandike bei moja ubaoni. Na mgeni akikutajia jina lake, lishike. Nyinyi mwaonaje?