MKONO WA MTOTO UKIVUNJIKA



Wakati wa kukata miwa sisi wazazi hutoka alfajiri, na watoto wetu wa Kabuchai hubaki nyumbani peke yao. Mmoja hupanda mpera, mwingine humenya muwa kwa panga la baba. Akianguka au akijikata, wa kwanza kumfikia si daktari wala si mama. Ni mtoto mwenzake. Basi huyo mwenzake ndiye apasaye kufundishwa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama kazini yamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi. Sanduku hilo tutazidi kulidai, maana sanduku lenye kufuli, na ufunguo u mfukoni mwa karani aliyekwenda Bungoma, si sanduku. Lakini hata likiwa wazi mchana kutwa, halimfikii mtoto aliyelala chini ya mpera.

Kwa bahati njema kila nyumba ina leso kuukuu. Kata kipande cha mraba, karibu mita moja kila upande, kisha ukate toka pembe hadi pembe: umepata vitambaa viwili vya pembetatu. Friedrich Esmarch, daktari Mjerumani wa karne ya 19, alieneza kitambaa cha namna hiyo kwa askari, kikiwa kimechapwa picha za kuonyesha jinsi ya kufunga, hata asiyejua kusoma aweze kufuata. Mtoto wa darasa la nne hatashindwa.

Mfundisheni hivi. Mkono uliovunjika usivutwe, usinyoshwe, usisuguliwe. Aliyeumia aushikilie kwa mkono wake mzima. Kitambaa kipite kati ya mkono na kifua, pembe moja ielekee kiwiko. Ncha ya juu izunguke nyuma ya shingo, ncha ya chini ipandishwe kuufunika mkono, nazo zifungwe juu ya mtulinga wa upande ulioumia, si kisogoni. Kiganja kikae juu kidogo kuliko kiwiko. Vidole viachwe nje na vitazamwe kila mara: vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fundo lilegezwe upesi. Penye damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Si majivu, si udongo, si mafuta ya taa. Kisha hospitali.

Hilo la vidole twalisisitiza kuliko yote. Wazee wanaounga mifupa twawaheshimu, lakini vijiti vikikazwa mno damu huzuiwa, misuli hufa, na mkono huweza kukatwa. Nasi twala kwa mikono.

Twaomba kila tawi litenge nusu saa baada ya mkutano wa mwezi, na wanachama waje na watoto wao. Katibu wa tawi amwalike mwuguzi wa zahanati iliyo karibu. Asingoje kuletewa bendeji. Leso za nyumbani zatosha, na watoto wafungane wao kwa wao.